Ziba Kila Tundu

Hasira zangu hazijifichi. Watu wa Kasubi wanazijua, watu wa Bombo wanazijua, na tangu Februari mafundi wote wa Kisenyi wanazijua pia. Kwa hiyo nikisema kwamba wiki ile ya harusi ya Shamirah nililala nimekasirika na kuamka nimekasirika, usidhani natia chumvi.

Naitwa Kaltumi. Kazi yangu ni kupamba mabibi harusi wa Kinubi: hina, wanja, kufukiza kwa udi, kuvisha. Siku ya harusi nyumba zetu hujaa watu mpaka jikoni hupati pa kukanyaga, na bibi harusi hana pa kukaa akatulia. Ndiyo maana miaka mitatu iliyopita nilinunua trela ya kambi kutoka kampuni moja ya watalii iliyokuwa inafunga. Barabarani inakuwa sanduku tu nyuma ya pikapu ya kaka yangu Abubaker. Ukifika unazungusha mpini, paa linapanda juu ya vyuma vinne vyembamba, kuta za turubai zenye madirisha ya chandarua zinakunjuka, kitanda kimoja unakivuta huku na kingine kule. Ndani ya dakika kumi bibi harusi ana chumba chake, na hakuna mwanamume anayekisogelea. Hilo la mwisho kwetu si la mchezo.

Tatizo lilikuwa joto. Jua likilipiga lile turubai saa sita, ndani hakukaliki. Mwezi wa kwanza mwaka huu, kule Bombo, bibi harusi wangu alitoka jasho mpaka wanja ukamtiririka kidevuni. Mama mkwe wake akachungulia mlangoni, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa wapishi, "Mmetuletea bibi harusi au mmetuletea nguo ya kufua?" Wanawake wote wakacheka. Nami nikacheka nao, halafu nikaenda nyuma ya trela nikalia kwa hasira.

Na bibi harusi aliyefuata kwenye orodha yangu alikuwa Shamirah. Huyu si mteja. Ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ana miaka miwili, naye ananiita mama. Niliapa kwamba hakuna kiumbe atakayemcheka Shamirah siku yake. Atakaa kwenye ubaridi, atatoka mkavu, aking'aa, na yule mama wa Bombo atapelekewa picha.

Nikampeleka Abubaker na pikapu yake na trela yangu mpaka Kisenyi, kwa Ondiek.

Ondiek ni fundi wa friji na viyoyozi, Mjaluo wa upande wa Kisumu, mtu wa kanisa, ana miaka kumi na mitano Kisenyi. Ana mikono mizuri kuliko fundi yeyote ninayemjua, na ana mdomo mmoja wenye neno moja. Nilimwambia nataka AC juu ya paa, kama nilivyoona kwenye picha za Wazungu. Aliizunguka trela mara mbili, akaupigapiga mkono kwenye paa, akasema, "Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani? Wazungu wanaweka!"

"Yao ni ingine, Hajati. Hii paa yako inabebwa na waya nyembamba. AC ya juu ni kilo arobaini. Haiwezi beba."

"Wewe sema tu kazi imekushinda."

Alichukua gunia la mchanga, akalipandisha juu ya paa, akanipa mpini. "Zungusha." Nikazungusha. Paa lilipanda kiasi cha kiwiko, waya ukalia, kisha ukateleza, na paa lote likashuka kwa kishindo mpaka watu wa gereji ya pili wakatoka kuangalia. Mimi nilikuwa nimeruka hatua tatu nyuma.

"Ungeniua, mshenzi wewe!"

"Ndiyo ujue," akasema, akaanza kurudisha waya mahali pake.

Hivyo ndivyo alivyo. Hana maneno, anakuonyesha tu, na hakuna kitu kinachonikasirisha kama mtu wa kunionyesha.

Tukakubaliana afanye anavyojua. Alikata ubao wa chini mahali palipokuwa na jiko dogo la watalii, akachomelea fremu ya chuma, akaweka AC ya dirishani aliyoitoa kwenye ofisi ya zamani, mgongo wake ukitoka nje ili utupe joto huko. Akatoboa tundu la mpira wa kutolea maji. Jenereta akasema ikae mbali, hatua kumi au zaidi. "Moshi ya jenereta inaua, Hajati. Ikae huko, na upepo uitoe." Nikamwambia sawa.

Jumatano nikaenda kujaribu. Nilikaa ndani nusu saa, jenereta ikinguruma huko, AC ikipuliza, na bado nilikuwa najipepea na mtandio. Nikatoka nimewaka.

"Ondiek! Hii ni AC au ni mtu anahema?"

"AC iko sawa. Ni hiyo turubai. Baridi inatoka."

"Basi ifungie!"

Akafunika turubai lote, madirisha pamoja, kwa karatasi nzito za kung'aa, zile za fedha, akaweka mpira kwenye zipu zote na kwenye mlango. Lakini aliacha matundu mawili, moja chini karibu na sakafu na moja juu kwenye pembe, kila moja la kupitisha kiganja. Niliyaona Alhamisi. Nikaingiza mkono wangu lile la juu, nikahisi baridi yangu inapita kwenye vidole kwenda kuwapoza wauza tairi wa Kisenyi.

"Haya ni nini?"

"Ya hewa. Watu wanapumua."

"Si wewe ulisema moshi wa jenereta unaua? Sasa unaacha tundu uingie?"

"Jenereta itakuwa mbali. Hajati, acha hiyo mbili."

"Ziba."

"Hajati, kama ni kulala watu ndani..."

"Nani amekwambia mtu atalala? Ziba kila tundu! Nimesema kila tundu! Ama umechoka?"

Mafundi wote walikuwa wanatazama. Ondiek alifuta mikono yake kwa kitambaa, taratibu, kidole kimoja kimoja, namna ya kunichelewesha makusudi. Kisha akaziba. Alipomaliza akasema, "Basi mkae watu wawili tu, na mlango mfungue fungue." Nilikuwa tayari nampigia simu Abubaker aje na pikapu.

Sasa hapa lazima niseme jambo ambalo sikulisema siku ile. Kwetu hakuna bibi harusi bila moshi. Kabla ya kuvishwa anafukizwa: anakaa juu ya kigoda, anazungushiwa blanketi, chini yake kinawekwa chungu cha makaa na vijiti vya udi, na moshi unapanda mwilini mpaka ngozi inaushika. Anaweza kunukia wiki nzima. Mama yangu alifukizwa, mimi nilifukizwa. Sikumwambia Ondiek kwa sababu haikunijia akilini kwamba kuna mtu duniani asiyejua. Ungemwambia fundi anayekujengea jikoni kwamba humo utapikwa ugali? Naye hakuniuliza kama kutawashwa moto, maana kwake nani anawasha makaa ndani ya chumba cha vitanda chenye AC?

Jumamosi ilifika na jua la kuchoma. Trela tuliiweka nyuma ya nyumba yetu Kasubi, chini ya ukuta, jenereta kule kwenye migomba. Ondiek alikuja kuisimamia, akakaa karibu nayo na kopo lake la mafuta. Nikaingia na Shamirah na shangazi yake mmoja mzee, tukafunga mlango, na wallahi kulikuwa na baridi. Shamirah akacheka. "Mama, nitahitaji sweta!" Nilimpiga busu la paji la uso. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyewashinda watu.

Tukaingiza chungu cha makaa. Nikatupia udi, moshi ukajaa, na haukutoka. Miaka yote nilikuwa nagombana na vile vyandarua vya madirishani, moshi wangu mzuri unakimbilia nje kabla haujafanya kazi. Leo ulikaa. Nikasema moyoni, hii sasa ndiyo nyumba. Zamani pia joto lilikuwa linatufukuza, kila baada ya dakika chache tunatoka kuvuta hewa. Leo hakuna aliyetaka kutoka.

Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma. Nikasema ni Ondiek, wiki nzima ya kubishana na yule mtu. Nikamwambia shangazi aendelee, mimi nifuate dhahabu za Shamirah chumbani kwangu. Nilipofungua mlango moshi kidogo ukatoka nami, nikaubana mlango haraka.

Ondiek aliuona. Alisimama.

"Hajati, hiyo ni moshi ya nini?"

"Ya udi. Kaa chini."

"Mmewasha moto humo ndani?"

"Makaa kidogo tu. Wewe angalia jenereta yako."

"Toa watu!" Alikuwa anakuja. "Hajati, toa watu sasa hivi!"

Nikamzuia na mikono miwili. Mwanamume, tena mgeni, anaukimbilia mlango wa bibi harusi aliyevuliwa nguo ili afukizwe! Nilimwita majina ambayo sitayaandika hapa. Wanawake wakaanza kupiga kelele. Ondiek alirudi nyuma, nikadhani ameelewa, kumbe amekwenda kuzima jenereta. Ukimya ukaingia, na hapo nikasikia kwamba ndani ya trela pia kulikuwa kimya. Badala ya kwenda mlangoni nilimfuata nikampiga kofi la nguvu zangu zote. Miwani yake ikaruka. Akanipita, akatoa kisu chake cha kukatia mipira, akakisimika kwenye turubai juu kabisa na kulipasua mpaka chini.

Kuna mambo mwanamume hawezi kufanya Kasubi akaondoka na miguu yake. Kupasua chumba cha bibi harusi kwa kisu, mbele ya wajomba zake, ni mojawapo. Abubaker ndiye aliyemfikia wa kwanza. Kaka yangu ni mtu mpole, sijawahi kumsikia akimfokea hata mbuzi, lakini alimwangusha Ondiek chini, na wengine wakaja, na nikaona kiatu cha mtu kikikanyaga mkono wake wa kulia na kuusaga. Mimi nilikuwa napiga kelele, "Mpigeni! Mpigeni huyo!" Hiyo ndiyo sauti yangu, naikumbuka vizuri.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye ule mpasuko. Nyuma ya moshi nikamwona Shamirah ameegemea kitanda, blanketi limemwanguka, mabega wazi, kifua wazi, wanaume kumi na zaidi wamesimama pale. Nikamfokea, "Jifunike, mtoto! Jifunike!"

Hakujifunika.

Mkono wake wenye hina ulikuwa unaning'inia tu. Hasira zangu zote zilikufa palepale, na mahali pake pakabaki kitu ambacho simtakii hata adui yangu. Niliingia kwa ule ule mpasuko nikamvuta nje, kichwa chake kikigonga mbao, na nyuma yangu watu wakamtoa shangazi, aliyekuwa anakoroma ovyo. Shamirah nilimlaza kwenye nyasi. Nikampiga mashavuni, nikamwita jina lake na jina la mama yake. Baada ya muda ambao siwezi kuupima akavuta pumzi ndefu, akanitapikia mapajani.

Hospitalini waliwawekea wote wawili hewa ya mitungi. Daktari, msichana mdogo tu, aliuliza kama tuliwasha makaa mahali palipofungwa. Nikamwambia kidogo. Akasema, "Kidogo inatosha. Nani aliwatoa?" Nikawa najifuta matapishi kwenye gauni. "Alikuja kwa wakati," akasema. "Mngechelewa kidogo tu, mngekuja hapa na maiti mbili."

Unaweza kufikiri kwamba nilitoka pale nikasema ukweli. Sikusema. Kwenye korido Abubaker alikuwa anawaambia watu ni gesi ya AC, yule fundi Mjaluo ametutegea mtambo mbovu, akaona umeanza kuua ndiyo maana akakimbilia kupasua. Kila mtu aliitikia. Walisema wataenda polisi asubuhi. Mimi nilikaa kwenye benchi na gauni lenye matapishi, nikasikia yote, nikafumba mdomo. Mimi, Kaltumi, ambaye mdomo wangu haujawahi kufumbwa na mtu. Ilikuwa rahisi sana. Nilijichukia kwa namna ilivyokuwa rahisi.

Asubuhi Shamirah aliamka na sauti ya kukwaruza. Swaib, bwana harusi wake, alikuwa amekaa upande mmoja wa kitanda, Abubaker na wajomba upande mwingine. Abubaker alikuwa anamweleza habari ya gesi. Shamirah akanitazama.

"Mama, madirisha yale tuliyokuwa tunatolea moshi, nani aliyaziba?"

Wote wakamgeukia Abubaker, wakitegemea aseme jina la Ondiek.

"Ni mimi," nikasema.

"Fundi ndiye aliyeziba, dada," Abubaker akasema. "Mimi nilikuja kuchukua trela, nikakuta ameshaziba."

"Aliziba kwa sababu nilimfokea mbele ya watu. Aliacha matundu mawili nikamwambia ziba. Akakataa, nikamwambia ziba kila tundu. Na makaa niliingiza mimi. Na aliponiambia toa watu, nilimpiga." Sauti yangu ilikuwa inapanda, sikuweza kuizuia. "Na nyinyi mkamvunja mkono! Hakuna hata mmoja wenu aliyeangalia ndani kwanza! Mlikuwa mnaangalia heshima!"

"Wewe ndiye ulipiga kelele tumpige," Abubaker akasema polepole.

Ndivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyeenda polisi.

Nikaah, ndoa yenyewe, ilisogezwa mbele wiki mbili. Siku ya nne Abubaker alinipeleka Kisenyi na trela nyuma. Hakushuka kwenye pikapu, aliona aibu. Ondiek alikuwa amekaa kwenye tairi kuukuu, mkono wa kulia kwenye plasta mpaka kwenye kiwiko, miwani imefungwa gundi. Friji tatu zilikuwa zimepangwa mbele yake zimefunguliwa, na hakuna aliyekuwa anazigusa.

"Ondiek, nimekuja kuomba msamaha."

"Mtoto?"

"Mzima."

Akaitikia kwa kichwa. Nilidhani yamekwisha. Kumbe ndiyo kwanza anaanza, na sikuwahi kujua kwamba ana maneno mengi namna ile.

"Mimi nilikwambia! Nilikwambia acha hiyo mbili! Ungesema moto mara moja, Hajati, mara moja tu, singeziba hata ungeniua! Daktari anasema vidole viwili haviwezi kunja tena. Mimi nafanya kazi na nini? Na mdomo, kama wewe?"

"Ungeuliza!" Iliniponyoka. Hata pale iliniponyoka.

"Nikuulize nini? Kama mnachoma watu?"

Tulikuwa tunapiga kelele wote wawili, Kisenyi nzima inasikia, na baadaye tukachoka. Aliinuka, akaingia ndani ya banda, akarudi na mkasi wa turubai. Akanitupia miguuni.

"Kata."

"Wapi?"

"Unajua wapi."

Nilipanda kwenye trela. Ule mpasuko wake ulikuwa umeshonwa na fundi wa Kasubi kwa uzi mnene. Nikaenda kwenye pembe, mahali nilipoingiza mkono wangu Alhamisi ile, nikasukuma mkasi kwenye karatasi ya fedha na turubai. Lilikuwa gumu. Nilikata tundu la kupitisha kiganja.

"Kubwa," akasema kutoka nje.

Nikaongeza.

"Kubwa! Na chini pia. Na hapo kwenye dirisha, toa hiyo mpira yote. Nimesema yote, Hajati. Ama umechoka?"

Mafundi walikuwa wameacha kazi wanatazama. Wengine walikuwa wale wale. Vidole vilikuwa vinaniuma, jasho linanitoka, machozi na wanja vinashuka mpaka kidevuni, na hakuna aliyecheka. Nikaendelea kukata. Upepo wa Kisenyi ukaanza kuingia ndani, na vumbi lake, na harufu yake ya rangi na oili, na mimi nikawa nakata tu, nikisubiri aseme basi.

Alichelewa sana kusema basi.